Ukoko wa Bibi Duvigen

Kwa miaka arobaini na mbili ukoko wa bibi yetu alipewa binamu yangu Radhamés. Mimi nilipewa wali. Nasema hivyo mwanzoni ili mtu asije akadhani nina jambo kubwa zaidi la kueleza. Ni ukoko tu, ule wali unaoganda chini ya sufuria ukawa mgumu na mwekundu, na kwa ajili yake nilifanya kitu ambacho nikikikumbuka natazama chini.

Sote wawili tulilelewa na Bibi Duvigen, hapa hapa upande wa Cotuí, kwenye mashamba ya mpunga. Mama zetu walikuwa ndugu, wakaenda mji mkuu kufanya kazi za ndani na kutuacha kwake. Mimi nilikuwa na miaka minane, Radhamés saba. Kila Jumapili bibi alipika wali kwenye sufuria yake nzito ya aluminiamu, maharage mekundu pembeni, na kuku kama kuku yupo. Wali ukishaiva aliupakua wote kwenye sinia, kisha akachukua kijiko cha chuma akakwangua chini. Krr, krr. Sauti ile ilifika mpaka barabarani. Ukoko ulitoka vipande vipana kama magome ya mti, unang'aa mafuta. Aliuweka kwenye sahani ya bati yenye ua la bluu, akamwagia mchuzi wa maharage juu yake, akasema, "Radhamés, njoo uchukue."

Kila Jumapili. Hakuwahi kukosea jina.

Mwanzoni nililia. Baadaye nikawa naomba. "Bibi, na mimi kidogo."

"Wewe kula wali wako. Wali mweupe, laini, na paja la kuku juu. Unalalamika nini?"

Ni kweli paja nilipewa mimi. Lakini Radhamés alikuwa anakaa kizingitini na sahani ile ya bati, anatafuna taratibu, kra, kra, macho yake kwangu. Paja la kuku halina sauti. Wakati mmoja aliniambia, "Nibebee ndoo zangu za maji wiki nzima, nitakupa kipande." Nikabeba ndoo zake na zangu wiki nzima. Jumapili akanipa kipande cha ukubwa wa ukucha. Nikampiga, na bibi akanichapa mimi.

Siku moja nilimwuliza bibi sababu. Akanijibu lile ambalo watoto wote huku huambiwa, kwamba anayekula ukoko wa sufuria, siku ya harusi yake itanyesha mvua.

"Na Radhamés je?"

"Radhamés ana harusi gani huyo," akasema, akaniambia nikaokote kuni. Nikajua ananifukuza tu.

Tukakua. Shule niliiacha darasa la sita, nikaenda kujifunza kuziba pancha. Radhamés aliendelea nayo, na mama yake alipovuka kwenda Marekani akamtengenezea karatasi, naye akamfuata huko, mji wa Paterson. Akaoa huko mwezi wa pili. Tukaambiwa siku ile theluji ilianguka mpaka bibi harusi akabebwa mgongoni kutoka kwenye gari. Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Si nilisema?" akasema.

Jumapili ya kwanza baada ya Radhamés kusafiri nilikuwa mezani kwa bibi, mimi peke yangu na sahani yangu. Nikafikiri, leo basi. Bibi akakwangua ukoko, akautazama, akatoka nao uani akawapa kuku. Kuku wanne walikula ukoko wangu na mimi nawaona kupitia dirisha. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mwanamume wa umri huo hawezi kuwaambia watu kwamba anawaonea wivu kuku, kwa hiyo sikumwambia mtu.

Aliyebaki ni mimi. Kibanda changu cha matairi kiko hatua thelathini kutoka mlango wa bibi. Mabati yake nilibadilisha mimi baada ya kimbunga. Kliniki nilimpeleka mimi kwa pikipiki, amenishika kiuno na mkoba wake umebanwa katikati yetu. Nguo zake anafua Yocasta, mwanamke ninayeishi naye. Mimi na Yocasta hatukufunga ndoa, kama watu wengi huku. Siku moja alihamia kwangu na kitanda chake na feni yake, na tukaendelea, miaka ishirini na mitatu sasa. Kila mwaka bibi alikuwa ananiuliza, "Milcíades, harusi lini?" Nami nilikuwa namjibu, "Mwakani, bibi." Ulikuwa utani wetu.

Radhamés alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka na masanduku matatu. Analeta vitamini, shampuu, viatu visivyomwenea mtu. Alinunua jiko la gesi la mafiga manne likaletwa kwa gari. Bibi aliweka mayai na dawa zake ndani ya oveni, akaendelea kupika kwenye meko yake ya kuni huko nyuma. Na Jumapili ya kwanza baada ya Radhamés kufika, hata viatu vyake havijashika vumbi, krr, krr. "Radhamés, njoo uchukue." Mtu wa miaka hamsini kasoro mmoja, kitambi mbele, anainuka kitini kama mtoto aliyeitwa kupewa zawadi.

Mwaka huu uliopita alikuja mwezi wa kumi, bibi akitimiza miaka themanini na minane.

"Nibariki, bibi," alisema mlangoni.

"Mungu akubariki, mwanangu. Umenenepa."

"Ni furaha, bibi."

"Ni mkate."

Akanigeukia mimi. "Na wewe kaka, bado unapuliza matairi?"

"Na wewe bado unabeba maboksi?"

"Nabeba kwa dola."

"Mgongo nao unauma kwa dola?"

Yocasta akacheka. Radhamés naye akacheka, ndilo baya lake, huwezi hata kumkasirisha. Jumamosi tulikaa kibarazani kwangu na bia, akaanza. "Kesho bibi ananikwangulia. Mwaka mzima naota ile sauti."

"Meno yako yataweza?"

"Haya meno nimeyalipia. Yataweza." Akaninyooshea chupa. "Nitakubakishia kipande, usinune."

"Sinuni."

"Kaka, una uso wa tairi lisilo na upepo tangu tuko watoto. Kila Jumapili. Mimi natafuna, wewe unaishiwa upepo."

Yocasta akacheka tena. Nikaingia ndani nikasema nimechoka.

Jumapili asubuhi nilienda kumpasulia bibi kuni, nikabaki jikoni. Macho yake yana ukungu, kwa hiyo anapika kwa mkono na kwa sikio. Alikaanga chumvi kwenye mafuta, akamimina maji, yakachemka, akamimina paundi nne za mchele. Maji yalipokauka aliugeuza kwa mwiko mara mbili, akaufunika kwa mfuko wa plastiki, na kifuniko juu ya mfuko. Kisha akavuta kuni zote nje moja moja na kuzizima majivuni. Yakabaki makaa tu. Hapo ndipo ukoko wake unapotengenezwa, kwenye makaa yaliyolala, nusu saa nzima, na yeye amekaa karibu anasikiliza. Wali wake una namna ya kusema. Kwanza unachemka, halafu unanong'ona, halafu unaanza kukatika kama vijiti vidogo vidogo. Vijiti vikianza anaipua. Hajawahi kuhitaji saa.

Radhamés akaita kutoka uani. Alikuwa amewapigia watoto wake, wanaonekana kwenye simu, na anataka wamwone bibi.

"Milcíades," bibi akaniambia, "nitazamie wali. Usiguse kitu."

"Sawa, bibi."

Akatoka na fimbo yake. Nilikaa kwenye kigoda chake. Nilikuwa namsikia Radhamés vizuri kabisa.

"Haya, mnamwona? Huyu ndiye bibi anayenipa ukoko."

Sauti ya mtoto ikauliza kwenye simu, "Anakupa wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

"Na wengine?"

"Wengine wanakula wali," akasema Radhamés, na wote wakacheka, mpaka wale watoto wa Paterson ambao hawajanijua hata kwa picha.

Nikachukua kuni mbili kutoka kwenye majivu nikazisukuma chini ya sufuria. Nikazipuliza mpaka zikawaka. Nilichotaka ni hiki tu, ukoko uungue uwe mweusi na mchungu, halafu aitwe kwa jina mbele ya watoto wake, auchukue, autafune. Nimtazame mimi safari hii. Sikumfikiria bibi hata kidogo.

Wali ulinong'ona, vijiti vikakatika, vikaacha kukatika, halafu harufu ikaja. Niliinama kuzivuta zile kuni, na fimbo ya bibi ikagonga kizingiti. Nikakaa.

Alisimama mlangoni pua juu. Akaja, akanyoosha kiganja kwenye meko, akausikia moto.

"Kuni ziko ndani," akasema. "Nilizitoa." Kisha akanigeukia, macho yake yale ya ukungu kwangu. "Nilizitoa, au sikuzitoa?"

Aliniuliza mimi, na jibu lilikuwa neno moja.

"Sijui, bibi," nikasema. "Sikutazama."

Aliipua mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Alipofunua, moshi ulitoka chini ya ule mfuko. Wali wote ulikuwa umeshika harufu, hata wa juu. Yocasta aliingia, Radhamés nyuma yake na simu bado mkononi.

"Haidhuru, bibi," akasema Radhamés. "Wali ni wali."

"Sufuria hii niliolewa nayo," bibi akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimeunguza maharage, nimeunguza nguo kwa pasi, nimemwunguza babu yenu mkono. Wali sijawahi."

Akachukua kijiko cha chuma akaanza kukwangua. Sauti haikuwa ile. Vilitoka vipande vyeusi kama mkaa, akavipanga kwenye sahani yenye ua la bluu, akamwagia maharage juu. Radhamés akanyoosha mkono, kwa heshima.

"Si wewe," bibi akasema. "Milcíades, njoo uchukue."

"Bibi, umeungua huo," Radhamés akasema.

"Nanusa. Pua bado ninayo." Akaushika mkono wangu akaiweka sahani ndani yake. "Huyu nimemnyima tangu mtoto, nikingoja harusi yake. Ningeifanyia hapa uani. Meza nilishazipanga kichwani, moja pale kwenye mlimau, mbili ukutani. Nilitaka siku kavu. Wewe Radhamés ningekupa hata na sufuria, mama yako tangu zamani alikuwa anasema atakupeleka nje, na mvua ya huko ni ya wenyewe." Akakaa kwenye kigoda. "Sasa nimeanza kusahau moto. Hiyo harusi sitaiona. Basi ale."

Nilikula nimesimama, mbele yao, vipande vyote mpaka cha mwisho. Ulikuwa mchungu na ukanikwaruza ufizi. Yocasta alizitazama zile kuni, akayatazama majivu kwenye magoti ya suruali yangu, akanitazama usoni.

Nyumbani hakuzunguka. "Ni wewe."

"Ndiyo."

"Kamwambie."

"Kesho."

"Kesho," akasema. "Au mwakani?"

Kesho yake sikwenda. Nilikuwa na lori lenye matairi mawili yaliyopasuka, na nilishukuru kuwa nalo. Jioni Radhamés alikuja kibandani, hana utani.

"Nimeongea na Mama mdogo Nidia," akasema. Huyo ndiye mdogo wa mama zetu, anaishi Santiago, ghorofa ya nne. "Atamchukua bibi. Mtu anayesahau kuni ndani hawezi kulala peke yake, na nyumba yenyewe ya mbao."

"Mimi niko hapa. Hatua thelathini."

"Jana ulikuwa hatua mbili, Milcíades. Ulikaa pembeni ya sufuria ikaungua."

Hapo nikamwambia. Nikamwambia kuni nilisukuma mimi, kwa makusudi, kwa sababu yake na ukoko wake. Alinitazama muda mrefu. Nilitaka anipige, ningeona nafuu. Akaniwekea mkono begani.

"Usimfichie, kaka," akasema. "Najua unataka abaki. Na mimi ningesema hivyo hivyo."

"Radhamés, nakwambia ni mimi."

"Mtu mzima aunguze wali kwa ajili ya ukoko? Tafuta uongo mwingine."

Jumatano gari lilikuja. Bibi alikaa mbele, mkoba mapajani, na shati la babu limefungwa kwenye gazeti. Niliinama dirishani. "Nibariki, bibi."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Bibi, zile kuni ulizitoa. Nilizirudisha mimi."

Akanipapasa shavu. "Una moyo mzuri. Siku zote umekuwa na moyo mzuri."

"Ni kweli, bibi."

"Ulisema hukutazama," akasema, na Radhamés akawasha gari.

Ndoa tulifunga mwezi wa tano, mimi na Yocasta, mbele ya hakimu, uani kwa bibi. Meza moja kwenye mlimau, mbili ukutani. Bibi hakuletwa, goti lake haliwezi tena zile ngazi za ghorofa nne. Mvua ilianza saa nne asubuhi na ikanyesha mpaka giza, hakimu akasoma amefunikwa na turubai langu la matairi. Bibi alipiga simu.

"Kunanyesha huko?"

"Hapana, bibi. Jua kali."

"Ah," akasema. "Basi ule ulioungua hauhesabiki."

Nami nihesabu. Paundi nne za mchele. Sufuria moja, ambayo Yocasta amepikia mara sita na bado inatoa harufu ya moshi. Jumapili thelathini na mbili bila wali wa bibi. Nimefika Santiago mara nne, na mara zote nne nimemkuta bibi amekaa mbali na jiko, kwa sababu amekatazwa hata kuliwasha. Mara zote nne ameniuliza kama nasikia harufu ya kitu kinaungua. Binamu mmoja, ambaye huko Paterson anawasimulia watu jinsi nilivyojisingizia ili bibi abaki. Harusi moja, viti ishirini na vinne vilivyolowa, kimoja kimewekwa mbele bila mtu. Na upande wangu nimepata sahani moja ya ukoko, ambayo niliimaliza.